Keso yako inakatika kwa sababu una haraka

Jumapili ile ya fainali ya mpira wa Marekani, saa nane mchana, dada mmoja aliniandikia ujumbe. Simu niliiacha chumbani inachaji, kwa hiyo niliusoma saa nne usiku, wageni wameshaondoka na miguu imevimba. Aliandika hivi: "Dada, keso imekatika. Juu mafuta, chini mpira. Wageni wanaingia saa kumi na moja. Nifanyeje?" Na picha akaweka.

Niliitazama ile picha muda mrefu. Naijua. Sufuria ile ni yangu, mwaka ule ni wangu, ni jiko tu lililobadilika. Tena iliniuma zaidi kwa kuwa siku hiyohiyo keso yangu mimi ilikuwa imekombwa hata mapumziko hayajafika, jirani Mteksasi kabisa, mzaliwa wa hapahapa, anapitisha chipsi pembeni mwa chombo kutafuta mabaki. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo, lakini ukijua nilikotoka utaniruhusu.

Kwa walio nyumbani ambao hawajaionja: chile con queso ni Kihispania, maana yake pilipili na jibini. Texas wamefupisha, wanasema queso tu, inatamkwa keso. Ni jibini iliyoyeyushwa ikawa laini kama uji wa mtoto, ndani yake pilipili, unachovya chipsi za mahindi za pembetatu. Inaliwa ya moto. Huku Houston mkahawa wa Kimeksiko wa mtindo wa Texas usio na keso ni kama hoteli ya Tanga isiyo na chai. Na siku ya fainali, Februari, nyumba isiyo na bakuli la keso watu wanaiulizia kama kuna msiba.

Sasa nirudi 2016. Nilikuwa na miezi minane Marekani, nimemfuata mume. Wifi yangu alikuwa ameshakaa huku miaka kumi, ana nyumba, ana televisheni ya ukuta mzima, ana namna yake ya kukutazama viatu kabla hajakusalimia. Akatualika fainali, kila mtu aje na chakula. Mwingine akasema ataleta sambusa, mwingine pilau. Mimi nikataka kuonyesha kwamba nimeshakuwa mwenyeji. Nikasema: nitaleta keso.

Nilikuwa nimeionja mara mbili tu, kazini.

Nikaenda dukani nikachukua jibini ya cheda ya bei ghali kuliko zote, ile iliyolazwa muda mrefu mpaka ukiikata inavunjikavunjika. Nilijua ghali ndiyo nzuri. Nikaikata vipande, nikatia kwenye sufuria, nikawasha moto mpaka mwisho kama nachemsha maji ya ugali. Dakika ya kwanza ilipendeza. Dakika ya pili ikaanza kung'aa. Ya tatu nikaona mafuta yanatoka pembeni, ya rangi ya chungwa, mfano wa mawese, na katikati jibini inajikusanya na kuuzunguka mwiko kama kitambaa kilicholowa. Nikamimina maziwa ya baridi. Ikawa maziwa yenye madonge. Nikatia unga wa ngano. Hapo sitaki hata kueleza.

Na nikaipeleka! Hilo ndilo ninalojiuliza mpaka leo. Nikaifunga kwenye hotpoti yangu niliyotoka nayo Tanga, nikaishika mapajani njia nzima. Wifi akafunua, akachovya chipsi, chipsi ikavunjikia ndani. Akaivuta kwa uma, ukafuata uzi mrefu. Akasema mbele ya watu, "Wifi, hii ni jibini au gundi ya pancha?"

Watu walicheka. Mume wangu naye alicheka. Hilo nimeliweka.

Miaka miwili iliyofuata nilikuwa mtu wa kupeleka soda.

Aliyenitoa hapo ni bibi mmoja wa Chihuahua, Meksiko ya kaskazini, tuliyekuwa naye zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Mimi nilikuwa nageuza wagonjwa, yeye jikoni. Aliniita mija, yaani binti yangu, na mimi nikamwita mama, basi tukaelewana. Nilipomsimulia alicheka kwanza, kisha akaniambia kwamba hata hiyo ya Texas yeye anaiona kichekesho. Kwao chile con queso ni pilipili ndefu za kijani zilizochomwa, zikakatwa vipande vyembamba, zikapikwa na kitunguu na nyanya, jibini inakuja mwisho na ni kidogo. Na jibini yao ni ile ya Wamenno, Wakristo waliohamia Chihuahua kutoka Kanada mwaka 1922 wakaanzisha ufugaji na jibini, nayo inayeyuka bila ugomvi. "Nyinyi mnapika jibini yenye pilipili," akasema. "Sisi tunapika pilipili yenye jibini." Lakini wajukuu zake wamezaliwa Houston, wanataka ya majimaji, basi naye anawapikia.

Usiku mmoja akanipikia mbele ya macho yangu. Akakwaruza jibini, akaweka sufuria kwenye moto mdogo kabisa, akaanza kukoroga upande mmoja, taratibu. Nikashtuka. Mkono ule naufahamu. Ni mkono wa bibi yangu, mzaa mama, akikoroga tui.

Jamani, sisi tuliolelewa pwani! Nani asiyejua kwamba tui likichemka bila kukorogwa linakatika? Tangu nina miaka saba napigwa kofi la mkono nikiacha mwiko. Tui zito linaingia mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, unachota na kumwaga, unachota na kumwaga mpaka litulie. Elimu yote hiyo ninayo, nimevuka nayo bahari, halafu nasimama mbele ya jibini naiwashia moto kama nina ugomvi nayo.

Jibini ni protini, mafuta na maji vilivyoshikana. Kinachoshikilia ile protini ni kalsiamu. Moto ukizidi protini zinajikaza, na zikijikaza zinayakamua mafuta nje. Jibini iliyolazwa muda mrefu imekauka zaidi, ndiyo maana inakatika upesi. Yangu ya bei ghali ilikuwa imeshashindwa kabla sijawasha jiko.

Wateksasi wengi walilimaliza tatizo hili kwa njia ya mkato: mche wa Velveeta, ambayo ni jibini ya kusindika, na kopo la Ro-Tel. Velveeta ilianzia New York mwaka 1918. Ro-Tel ni nyanya na pilipili za kijani za kopo, iliyoanzia mji mdogo wa Elsa, kusini mwa Texas, miaka ya 1940. Unakata mche, unamwaga kopo, unayeyusha, basi. Haikatiki, kwa sababu jibini za kusindika huwa zimetiwa chumvi maalumu zinazoishika ile kalsiamu na kuifanya protini ilegee. Waswisi wawili, Gerber na Stettler, ndio waliogundua ujanja huo mwaka 1911, wakitumia chumvi inayotokana na asidi ileile iliyomo kwenye ndimu. Sina ugomvi na mche wa Velveeta. Kama una watoto watatu na zamu ya usiku, nunua, koroga, lala. Lakini wewe unayeniandikia saa nane mchana na picha, wewe hutaki hiyo. Wewe unataka waulize nani kapika. Nakujua.

Basi fanya hivi. Jibini gramu 340, nusu cheda changa na nusu Monterey Jack, jibini nyeupe laini ya Marekani. Ikwaruze mwenyewe, ile ya pakiti iliyokwaruzwa tayari imepakwa unga ili isishikane, na haiyeyuki vizuri. Ichanganye na kijiko kimoja cha chakula cha konifulawa mpaka kila uzi wa jibini uvae unga. Huo unga unaingia katikati ya protini na kuzizuia zisikumbatiane. Halafu maziwa mazito ya kopo, yasiyo na sukari, kopo moja la wastani. Nasisitiza yasiyo na sukari, maana kuna mtu alitumia ya sukari akaja kunilaumu mimi.

Kaanga kitunguu maji kidogo kwa siagi, kitunguu saumu, bizari nyembamba nusu kijiko cha chai. Mimina maziwa, yapate moto bila kuchemka. Hapo punguza moto. Umepunguza? Punguza tena. Tia jibini konzi moja, koroga mpaka ipotee, ndipo utie nyingine. Ikiisha yote, endelea kukoroga mpaka iwe nzito na iuvae mwiko. Usiipandishie moto eti umalize haraka.

Pilipili ndiyo nafsi yake. Mwezi wa nane na wa tisa, zikivunwa pilipili za kijani za Hatch, kijiji cha jimbo la New Mexico, maduka ya huku huzichoma nje kwenye pipa la chuma la matundu linalozungushwa juu ya moto wa gesi, na harufu inakufikia hujazima gari. Mimi hunikumbusha mahindi ya kuchoma barabara ya kwenda Pangani. Nanunua nyingi nazigandisha. Msimu ukiisha natumia poblano, pilipili kubwa za kijani za Kimeksiko, naziweka moja kwa moja juu ya moto wa jiko mpaka ngozi iwe nyeusi kote, nazifunika kwenye bakuli dakika kumi, ngozi inatoka kwa vidole. Usizioshe kwa maji, unaosha ladha. Jalapeño moja kwa ukali. Nyanya itoe maji kwanza. Kotmiri juu, mwisho.

Na wale wa Dar walioniuliza: cheda mnayo kwenye maduka makubwa, pilipili hoho ya kijani ukiichoma hivyo inakaribia poblano, na kwa ukali weka pilipili mbuzi, lakini kidogo, ile haina mchezo. Chipsi kata chapati za mahindi ukaange. Moto mdogo ni uleule.

Ikikatika je? Maana najua itakatika, mkishamaliza kusoma mtaenda kuwasha moto mkubwa palepale. Itoe jikoni. Pasha maziwa ya kopo robo kikombe na konifulawa kijiko cha chai kwenye sufuria nyingine, yakianza kuwa mazito tia ile iliyokatika kijiko kwa kijiko huku unakoroga kwa nguvu. Mara nyingi inarudi. Isiporudi, imwage juu ya makaroni uoke, uwaambie wageni ndivyo ulivyokusudia. Ila usiibebe kwenye hotpoti kuipeleka kwa wifi yako. Nisikilizeni, mabinti: chakula ambacho mkono wako haujakizoea usikipeleke mbele ya watu wanaosubiri uanguke. Kipike nyumbani mara tatu kwanza, ukile peke yako. Tunapenda sana kuonekana tumefika. Mimi nilipenda kuonekana nimefika, na nilikuwa sijafika hata dukani vizuri.

Mwaka huu fainali ilikuwa kwangu. Wifi alikuja. Mechi inaanza saa kumi na moja na nusu, yeye saa kumi na moja yuko mlangoni, na hakutazama viatu. Keso niliiweka kwenye hotpoti ileile ya Tanga, kwa sababu inashika joto na kwa sababu nilitaka aione. Akachovya. Akachovya tena. Hakusema kitu, na mimi nikajifanya natafuta vitambaa vya mezani.

Ilipoisha nikapika ya pili, wakati wa mapumziko, watu wanatazama muziki. Usiku wakati wa kuaga akaniambia watoto wake hawakuja, kama kuna kilichobaki angewapelekea. Nikaifunga na hotpoti yake.

Hajairudisha mpaka leo, na sijamuulizia.