Ganda la risasi chini ya mkorosho

SWALI: Shikamoo mhariri. Tulikuwa tunapalilia mikorosho huku Nyangao, Lindi, jembe likafukua ganda la risasi, tupu, limeota kijani. Nimelipima kwa rula ya shule ya mwanangu, urefu milimita 19, mdomo 9, limenyooka tu halina shingo. Mzee mmoja anasema ni la vita ya Mjerumani pale Mahiwa, kijana wangu anabisha eti ni risasi ya siku hizi. Nani mkweli? Na kwanini bastola moja inaitwa 9, nyingine 40, nyingine 45?

JIBU: Marahaba ndugu yangu, swali hili nimelipenda sana. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, maana kwa vipimo vyako hiyo ni 9mm Parabellum na risasi hiyo inatumika mpaka leo kwa vipimo vilevile. Georg Luger wa kiwanda cha DWM kule Ujerumani alikuwa na risasi ya milimita 7.65 yenye shingo kama chupa, wanajeshi wakaiona nyembamba mno, basi mwaka 1902 hivi akaiondoa ile shingo, ganda likanyooka likabeba kichwa cha milimita 9 na kitako kikabaki kilekile, yaani bastola ileile unabadilisha mtutu tu. Akili kubwa sana hiyo! Jeshi lao la majini likaichukua 1904, la nchi kavu 1908, kwa hiyo Mahiwa Oktoba 1917 ilikuwa ipo tayari. Ila pale askari walibeba bunduki, bastola zilikuwa zaidi za maofisa, ndo maana mimi namwegemea kijana kidogo. Sugua kitako kwa limao, usitumie msasa, kiwanda huwa kinagonga alama yake hapo.

Sasa 45 ni sehemu 45 katika 100 za inchi, kama milimita 11.4, ya mbunifu wa silaha John Browning, Wamarekani wakaipokea 1911. Hapo katikati palibaki kama patupu, ingawa tangu miaka ya 1870 kiwanda cha Winchester cha Marekani kilikuwa na 38-40 ambayo jina lasema 38 lakini kichwa chake ni kama milimita 10. Mwaka 1983 ikaja 10mm Auto, kali kweli. Afu 1986 maofisa wawili wa FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, wakauawa Miami kwenye mapambano na majambazi, FBI wakataka risasi nzito zaidi, wakaijaribu hiyo 10mm, teke lake, yaani ule mrusho wa nyuma ukifyatua, likawashinda wengi, wakaipunguzia baruti. Baruti ikipungua ganda linabaki na nafasi bure, basi watengeneza bastola Smith & Wesson pamoja na Winchester wakalifupisha kutoka milimita 25 hivi mpaka 22, ikazaliwa 40, yaani sehemu 40 katika 100 za inchi, mwaka 1990, inaenea kwenye bastola ya saizi ya 9. Baadaye vichwa vya 9 vikaboreshwa, na kwa kuwa teke lake dogo na magazini inabeba nyingi, FBI wenyewe wakarudi kwenye 9 ya Luger.

Ukifukua nyingine na kichwa bado kipo, usiiguse, weka alama pale umwite mwenyekiti wa kijiji awaite polisi, na watoto wakae mbali.