Sisi hatumlazi, tunamwamsha

Swali lenu la wiki hii linasema: "Mtoto mwenye usonji usiku halali, mchana hatulii. Nyumbani kwenu mnamlazaje?" Mimi ninaye wa miaka mitano, tunaishi Mikindani, na jibu langu ni kwamba hatumlazi. Tunamwamsha. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, awe alisinzia saa tatu usiku au saa nane, anaamshwa, anatolewa uani penye mwanga, anapewa uji. Jumapili na sikukuu vilevile. Bibi yake aliuona ukatili, na majirani walikwishamaliza uchunguzi wao zamani: mtoto kachezewa. Lakini mtoto mkimwacha alale hadi saa nne asubuhi ili afidie usiku, usingizi wa usiku unaofuata atautoa wapi? Saa ya mwili inapangwa na mwanga, na mwanga wa asubuhi huku kwetu hauna bili.

Kisha ndiyo tuongee habari ya kulala. Watu humwingiza mtoto kwenye chandarua saa mbili kwa sababu wa jirani wanalala saa mbili. Wako akiwa anasinzia saa tano, muda wote ule wa katikati ni vita, na yeye anazoea kuwa kitandani ni mahali pa kupigana. Anzeni na saa tano yake. Akishakuwa analala bila shida, rudisheni nyuma robo saa, mkae hapo siku kadhaa, halafu robo nyingine. Ni kazi ya wiki nyingi, siwadanganyi. Watoto wa miaka mitatu hadi mitano wanahitaji usingizi wa muda wa saa 10 hadi 13 kwa siku nzima, na ule wa mchana umo humo humo. Akijilaza baada ya chakula cha mchana akaamka alasiri, ameshaula usiku wake.

Ushauri mwingi unaozunguka kwenye simu umeandikwa kwa watu ambao mtoto wao ana chumba chake. Sisi tunalala wanne chumba kimoja, wala sioni ubaya. Cha kuangalia ni kingine. Kila mtu hushtuka kidogo usiku, anageuka, anarudi kulala. Mtoto aliyesinzia akiwa mgongoni kwa mama, akishtuka akajikuta kwenye godoro, atautafuta mgongo. Aliyesinzia na simu mkononi atadai simu. Kwa hiyo alivyo anaposinzia ndivyo atakavyojikuta usiku wa manane: godoro lile lile, kanga ile ile, taa imezimwa. Akiamka, hakuna hadithi wala kuwasha taa, hakuna "mwanangu una nini". Namrudisha, namfunika, basi. Nataka usiku umchoshe kwa kukosa mambo.

Shemeji yangu wa Dar alituambia tutafute blanketi zito, lile la kumgandamiza mtoto. Kwa joto la Mtwara la Desemba! Na hata bila joto, kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2014 uliowajaribu watoto wenye usonji kwa mablanketi hayo: wengi waliyapenda, usingizi haukuongezeka.

Hilo la mchana kutotulia, sehemu kubwa kwa wetu ni usingizi huo huo. Mtu mzima akichoka anasinzia, mtoto anakimbia ukutani hadi ukutani. Watu wanailaumu sukari. Tafiti zilizofanywa bila mzazi wala mtoto kujua nani kapewa sukari hazikuona tofauti. Chai ya rangi ya jioni ndiyo niliyoifuta, maana ina kafeini, na bibi yake sasa anampa maziwa. Mchana tunampa kazi nzito za umri wake: kubeba kidumu cha maji, kusukuma toroli la mchanga, kukanda unga wa maandazi hadi jasho limtoke. Maji yakipwa tunashuka ghubani akachimbe mchanga. Lakini ghubani hashuki peke yake, na komeo la mlango liko juu asikofika. Watoto hawa wengi wanavutwa na maji, na wakitoroka hawaiti mtu. Majirani wote wa mtaa wanamjua na wana namba yangu. Hao hao wa "kachezewa" ndio wanaomkamata njiani, niwashukuru.

Jioni dada yake amemchorea kwenye kipande cha boksi: kuoga, kula, mswaki, chandarua. Maneno yanampita, picha anaifuata kwa kidole. Msimu wa jando na harusi, spika zikipigwa mpaka alfajiri, hatushindani nazo. Anakesha nasi, na saa kumi na mbili na nusu anaamshwa kama kawaida.

Dawa: msimpe piritoni ili asinzie. Wapo watoto wanaochangamka nayo badala ya kulala. Melatonini, homoni ya usingizi ya kutengenezwa, inawasaidia baadhi yao kusinzia mapema, ila mwongozo wa madaktari wa mfumo wa fahamu wa Marekani wa 2020 unaweka utaratibu wa nyumbani kwanza, melatonini baadaye, tena kwa usimamizi wa daktari.

Na kabla ya yote haya apimwe. Mtoto asiyeongea hawezi kukwambia minyoo inamwasha usiku, au choo kimekuwa kigumu tumbo linauma. Kukoroma kila usiku kwaweza kuwa nyama za nyuma ya pua. Miguu isiyotulia kitandani, ulizeni kuhusu madini ya chuma kwenye damu. Kifafa nacho huwapata watoto wenye usonji kuliko wengine, na mara nyingine huja usingizini: anakakamaa, anatikisika mkono mmoja, anakodoa macho bila kukuona. Mgeuzeni ubavu, kisha mwingine ashike simu arekodi. Daktari akiiona video hiyo atajua pa kuanzia kuliko akisikia maelezo yenu ya nusu saa.