Transiva ya QRP: kabla ya wati, uliza inakula betri kiasi gani

Watu wanaoanza redio ya ridhaa wananiulizaga sana wanunue transiva (redio inayotuma na kupokea) gani ya QRP, yaani ya kutuma kwa nguvu ndogo, na karibu wote wanataka kujua inatoa wati ngapi. Mi nawaambia wati tuziweke pembeni kwanza. QRP yenyewe ni wati 5 kwa Morse na 10 kwa sauti, na hata ukishuka kutoka 100 mpaka 5 ni desibeli 13 tu, yaani alama mbili na kidogo kwenye mita ya S (inayoonyesha nguvu ya mawimbi) ya anayekupokea, sasa kugombania 5 na 10 ya nini?

Kinachouma ukiwa porini ni betri. Redio muda mwingi inasikiliza, haitumi, kwahiyo angalia inakula mkondo kiasi gani ikiwa inapokea. Redio kama Elecraft KX2 inakula kama miliampea 135 hivi, zenye kioo kikubwa cha rangi nyingi zinakula mara tatu na zaidi, unajikuta umebeba betri nzito kuliko redio.

Matangazo nayo yasome mpaka chini. Icom IC-705 imeandikwa wati 10, sawa, ila kwa betri yake ya mgongoni unapata 5, hizo 10 mpaka uiunganishe na umeme wa nje, na "tuna" ya antena (kifaa cha kuilinganisha antena na redio) haina ndani, hiyo unanunua pembeni. Xiegu G90 inayo tena inatoa wati 20, ila haina betri ndani.

Used ndo kuna mambo. Tangu Yaesu waache kutengeneza redio yao ndogo ya FT-818 wauzaji wamevimba kweli, hata FT-817 za zamani wanaziuza kama dhahabu, na transista zake za mwisho, zile zinazokuza mawimbi ya kutuma, zinajulikana kwa kuungua. Usimlipe mtu kabla hujaweka mzigo bandia wa om 50 (unaokaa badala ya antena) na mita ya wati, utume bendi moja moja mpaka ziishe. Kusikia stesheni si kipimo, redio iliyoungua huko inapokea vizuri tu.

Vile vibox vya redio za uSDX vya bei chee visivyojulikana vimetoka wapi mi sivigusi, vingine filta zake hovyo unatapakaza harmoniki (mawimbi ya ziada nje ya masafa yako) kila mahali. Kama mkono wako unaiweza solda chukua kit (vipande vya kuunganisha mwenyewe) ya redio ya QMX ya QRP Labs, ndogo, haina njaa, hela inayobaki nunua waya mzuri, mita 20 hivi zinakutosha kwa antena ya nusu wimbi ya bendi ya mita 40.