Kamati ya Mtaa Ianze na Daftari, Si Mabango

Kamati nyingi za kupambana na pombe na dawa za kulevya huzaliwa msibani. Kijana amezikwa, watu wana uchungu, na wiki hiyohiyo zinachapwa fulana na kutafutwa msemaji wa kuwatisha watoto shuleni. Fulana huchujuka, wauzaji wapo palepale. Na vitisho peke yake havizuii kitu. Mwanafunzi mwingine hutoka pale ameshajua majina ya dawa ambazo asubuhi hakuzijua.

Anzeni na daftari. Kwa wiki 4, watu 5 au 6 waandike kila tukio: siku, saa, mahali, kilichotumiwa, kilichotokea. Jina la mtu lisiandikwe hata mara moja. Daftari lenye majina likivuja, wanaotumia watajificha, majirani watafunga midomo, na hapo kamati imekufa. Tuseme mwishoni mnaona vurugu nyingi ni Ijumaa na Jumamosi, kati ya saa 4 na saa 7 usiku, mbele ya baa 2 kati ya 11. Basi kazi yenu ni baa 2.

Mwendeeni mwenye baa mchana, watu 2 au 3, pasipo wateja. Mbele ya wateja wake atabisha tu. Ombeni mambo yanayoweza kukaguliwa: asiuziwe mtoto, aliyelewa asiongezewe, mlango ufungwe saa iliyoandikwa kwenye leseni. Hapa kuna jambo linalosahaulika sana. Mhudumu anayelipwa kwa mauzo hawezi kumkatalia mlevi hadi mwenye baa atamke, mbele yake, kwamba hatakatwa chochote. Rudini baada ya wiki 2. Kama hakuna kilichobadilika, pelekeni tarehe na saa kwa mamlaka ya leseni, maana malalamiko yasiyo na tarehe huishia kwenye droo. Kubana saa na mahali pa kuuzia hupunguza madhara kuliko mihadhara. Hata Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa SAFER wa 2018, limetaja kubana upatikanaji wa pombe kuwa hatua ya kwanza kati ya 5.

Wakati hayo yanaendelea, kuna watu wanaanguka. “Mwacheni alale, itamtoka” ni maneno yanayoua, kwa sababu pombe iliyobaki tumboni huendelea kuingia kwenye damu hata baada ya mtu kupoteza fahamu. Mlazeni ubavu, goti la juu limekunjwa mbele, kichwa kimeinuliwa nyuma kidogo, mdomo ukielekea chini ili matapishi yatoke nje. Hesabuni pumzi dakika 1 nzima. Zikiwa chini ya 8, au akikaa sekunde 10 bila kupumua, au midomo ikigeuka rangi ya bluu, au haamki hata akitikiswa, ni hospitali sasa hivi. Kahawa haitoi pombe mwilini. Maji baridi humshusha joto. Na msimtapishe, atapaliwa.

Mboni zikiwa ndogo kama ncha ya sindano na pumzi ni za kukoroma, shukuni heroini au dawa nyingine za jamii ya afyuni. Mpeni naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya afyuni mwilini, kama mnayo, msaidieni kupumua kwa kumpulizia mdomoni, na kama hajazinduka baada ya dakika 2 au 3 ongezeni dozi. Akiamka msimwache aondoke: naloksoni huisha nguvu ndani ya dakika 30 hadi 90, na heroini iliyobaki inaweza kumwangusha upya. Haitibu pombe, lakini ikitolewa kimakosa haidhuru.

Mtu akisema “naona ukungu” siku moja baada ya kunywa pombe ya kienyeji au ya magendo, hiyo inaweza kuwa methanoli, aina ya pombe isiyofaa kunywewa. Dalili huchelewa saa 12 hadi 24 kwa kuwa ini huigeuza sumu polepole. Mwahisheni hospitali, kisha watafuteni wote waliokunywa chombo kimoja naye, hata wanaojiona wazima.

Kosa la mwisho hufanywa na wenye nia njema: kumfungia mnywaji wa kila siku chumbani “ili aache”. Ndani ya saa 6 hadi 48 anaweza kupata degedege. Kati ya siku ya 2 na ya 4 akaweweseka, akaona visivyokuwepo, akafa. Huyo apunguziwe chini ya macho ya mganga wa kituo cha afya. Kwa heroini mambo yamegeuka kidogo: arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa, inatesa mno, ila hatari kubwa huja baadaye. Aliyetoka gerezani au kwenye nyumba ya tiba mwili wake umeshasahau dozi ya zamani, na akiirudia inamuua. Wiki 2 za kwanza ndizo mbaya zaidi, kwa hiyo mtu wa kamati anayemfahamu apite kwake karibu kila siku, na watu wa nyumbani wafundishwe naloksoni kabla hajafika mlangoni.