Binti wa Kayole, kuhusu urubani: anza na daktari

Umeuliza kama urubani ni wa watoto wa matajiri tu, na kama B ya hesabu itakufungia mlango. Nimerusha ndege tangu ujana wangu hapa Nairobi, mvi zimeshanijaa, na hadi leo siku yenye safari huamka kabla ya kengele. Kwa hivyo nivumilie, nitajibu kwa urefu.

B inatosha kabisa. Hesabu za rubani ni kujumlisha, kutoa na kugawa: injini inakunywa mafuta kiasi gani kwa saa, abiria na mizigo wana uzito gani, upepo unakusukuma upande upi. Kinachotakiwa ni kuzifanya upesi bila papara.

Pesa ndiyo kikwazo cha kweli. Sasa nisikilize vizuri: kabla hujalipa shilingi yoyote ya mafunzo, nenda kwa daktari aliyeidhinishwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, ukapimwe cheti cha afya cha daraja la kwanza, kile cha marubani wa kibiashara. Nimeona familia ikiuza shamba, kijana akaanza kuruka, ndipo ikajulikana macho yake hayatofautishi nyekundu na kijani. Iliniuma sana. Miwani pekee isikutishe, makapteni wengi wanavaa.

Leseni ya rubani binafsi inataka umri wa miaka 17 na angalau saa 40 za kuruka. Ya kibiashara ni miaka 18 na saa 200, au 150 ukisomea kwa mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Vyuo vingi hukubali ulipe kadiri unavyoruka, lakini usiruke mara moja kwa mwezi eti kwa sababu ndizo pesa ulizopata. Mikono husahau, na nusu ya kila somo itaishia kurudia lililopita. Afadhali uweke akiba huku ukisoma nadharia nyumbani, kisha uruke mara tatu kwa wiki bila kukatiza.

Na una bahati ya kujifunzia Wilson, uwanja wa ndege ndogo hapa Nairobi. Uwanja uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi. Mchana wa joto la nyuzi 28, ndege huhisi kama iko juu ya futi 8,000: inakimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka na inapanda polepole. Ukiwa kwenye Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo, kabla ya kuruka unavuta kishikio chekundu cha mafuta kidogo kidogo, ukiyapunguza yalingane na hewa hiyo nyepesi, hadi mngurumo wa injini unyooke. Mwanafunzi wa pwani anayasoma haya kitabuni, wewe utayasikia kwa masikio. Ndiyo maana wakufunzi hupenda saa za alfajiri, hewa ikiwa bado baridi na imetulia, Mbuga ya Nairobi iko pale chini kusini.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ndogo mno. Asubuhi unachota mafuta kidogo kutoka chini ya tangi kwa kikombe cha plastiki, unakiinua kwenye mwanga. Petroli ya ndege ndogo ni ya buluu. Maji yakiwamo, hukaa chini yakiwa hayana rangi, yamejitenga. Unamwaga, unachota tena mpaka iwe buluu tupu. Mwanafunzi anayelifanya hilo bila kusukumwa huwa namwamini mapema.

Kuhusu wasichana, Irene Koki Mutungi ni Mkenya, na ndiye mwanamke wa kwanza Afrika kuwa kapteni wa Boeing 787. Atakayekuambia hii ni kazi ya wanaume, mtajie jina hilo.

Ukishapata cheti cha daktari, zungukia vyuo vya Wilson uombe somo la kuonja, ukae kiti cha kushoto na mkufunzi kando yako. Uliza bei ya saa moja ikiwa na mafuta, mkufunzi na ada za kutua ndani yake, maana wengine hukutajia ya ndege peke yake. Niandikie bei walizokupa, tuzilinganishe pamoja.