Mtoto wetu wa kuasili anaficha chakula: tufunge jiko?

SWALI: Daktari, hujambo. Kijana wetu tulimwasili kutoka makao ya watoto akiwa na miaka 4, sasa ana 8. Anaficha chakula chini ya godoro mpaka kinaota ukungu, na ukimuuliza anakana huku makombo yako mdomoni. Akikasirika huvunja vyombo. Juzi alimpiga dadake mdogo kwa mwiko. Mama mkwe anasema ni pepo, akaombewe. Mume wangu anataka kutia jiko kufuli. Hii ni tabia au ugonjwa? – Mama, Changamwe

JIBU: Kufuli iacheni dukani. Mtoto huyu anaweka akiba, na jiko likifungwa atajua alikuwa na haki ya kuogopa.

Mtoto mchanga akilia kisha akabebwa na kunyonyeshwa, mwili wake huzoea kwamba shida huwa na mwisho. Makaoni, walezi wachache wakipokezana watoto wengi, mazoea hayo huwa haba. Watafiti wa Uingereza waliwafuatilia watoto walioasiliwa kutoka makao mabovu ya Romania baada ya utawala wa dikteta Ceaușescu kuanguka 1989. Waliotolewa kabla ya miezi 6 wengi wao walifanana na wenzao. Miongoni mwa waliokaa zaidi, wengi walibaki na shida hadi ukubwani, hata wale waliolelewa vizuri. Kwa hivyo usijilaumu.

Mpe kopo lake lenye kifuniko, ulijaze kila asubuhi akiona: njugu, ndizi, mahamri mawili. Ale wakati wowote bila kuomba. Siku za mwanzo atalimaliza lote kabla ya saa nne. Usiseme neno, na chakula cha mchana kiwe palepale kwa saa yake. Kuhusu uongo, usimuulize jambo ambalo jibu lake unalo. Sema tu, "Nimeona maandazi chini ya godoro, njoo tuyatupe tutandike shuka safi." Basi, bila hotuba.

Akipandwa na hasira, mtoe binti kwanza. Kisha kaa chini, sauti ndogo, maneno machache. Mazungumzo yangoje atulie. Kwa sasa wasiachwe wawili peke yao. Kiboko, mbali na kwamba Katiba ya Kenya ya 2010 inamkinga kila mtu na adhabu ya viboko, kinamwongezea hofu ileile inayomwasha.

Ugonjwa? Kwa barua siwezi kuamua. Anzia kwa daktari wa watoto, hospitali ya Coast General, aangalie kifafa, usikivu na makuzi, kisha mwombe akupeleke kliniki ya afya ya akili. Nenda na rekodi za makaoni na daftari la hasira zake: saa, kilichotangulia, alikula lini.

Maombi sina neno nayo. Lakini wakitaka afunge kula, au wamshikilie chini mpaka "atoke", mchukue mwondoke. Mwaka 2000 huko Colorado, Marekani, msichana wa kuasili wa miaka 10 alikosa hewa akafa akiwa amefungwa kwenye mashuka na waliojiita watabibu.

Na mwambie baba yake: neno "tutakurudisha" lisisikike nyumbani, hata kwa mzaha. Amri ya mahakama ilishamfanya wenu sawa na wa kuzaa. Mkielemewa usiku, pigeni 116, simu ya watoto, haitozwi.