Usirushe hiyo sauti kwenye grupu la jumuiya (yamenikuta Bagamoyo)

Wewe wa Tanga, simama hapo hapo. Nimesoma bandiko lako mara mbili. Unasema una sauti ya dakika tisa umeshairekodi, usiku huu unairusha kwenye grupu la jumuiya, Wakatoliki wenzako mnaosali nyumba kwa nyumba, kuwaambia kwamba Papa Leo XIV "amemvua Bikira Maria taji" kwa ile hati ya Novemba 2025, na wakikujibu vibaya unajitoa. Halafu unauliza mambo matatu: kumkosoa Papa ni dhambi? Mwenyekiti anayesema Papa hakosei umjibu nini? Na zaka unaweza kuisimamisha kwanza? Usiirushe. Mengine baadaye.

Desemba 2023 mimi nilikuwa wewe, ila mwenye bando kubwa zaidi. Tarehe 18 mwezi ule Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa lilitoa tamko la Fiducia Supplicans, kuhusu baraka, limesainiwa na Kardinali Víctor Manuel Fernández na kuidhinishwa na Papa Fransisko. Hati yenyewe sikuiona. Nilichoona ni "tafsiri" ya bwana mmoja mwenye chaneli YouTube, wafuasi tulimwita Mwalimu. Alikuwa amefundisha nini na wapi, hakuna aliyeuliza. Akasema aya ya 31 inawaamuru mapadre wafungishe ndoa za watu wa jinsia moja, na kwamba hata Paulo alimpinga Petro, Papa wa kwanza, kwa hiyo na sisi tupinge. Wagalatia 2:11, akaipigia mstari mwekundu kwenye skrini. Mimi na mvi zangu nikauamini mstari mwekundu.

Ningefungua ile hati ningekuta aya ya 4, yaani chai haijapoa, ikisema ibada na sala zinazoweza kuwachanganya watu kuhusu ndoa hazikubaliki, na ndoa ni ya mume na mke. Aya ya 31 inahusu baraka isiyo ya kiliturujia, yaani nje ya ibada rasmi, kwa wapenzi wa jinsia moja na wengine ambao ndoa zao hazijakaa sawa. Hiyo nayo unaweza kuipinga, na wengi waliipinga, maaskofu wakiwemo. Ila nilichotangaza mimi hakikuwemo kabisa.

Nikatangaza. Dakika kumi na moja, saa tano usiku, grupu lina watu 43, mmoja wao mzee katekista aliyenifundisha Baba Yetu. Nikamwita Papa mzushi. Nikasema jina lake lisitajwe tena kwenye sala za jumuiya. Asubuhi mama mmoja akaandika: "Tumsifu Yesu Kristu, jamani nani ana namba ya fundi bomba?" Mpaka adhuhuri hakuna mwingine aliyeandika kitu.

Ukimya ule ukanichoma kuliko matusi. Nikajitoa. Mwalimu akatuuzia semina ya mtandaoni, shilingi 20,000 kwa kichwa, na humo ndimo tulimoambiwa kwamba Misa inayomtaja Papa Fransisko ni batili. Mkesha wa Krismasi nikalala nyumbani kama mgonjwa. Zamu ya kusalia kwangu ilipofika nikafunga geti. Wakaja hivyo hivyo. Wakasali nje, rozari nzima, makumi yote matano, mimi nachungulia kwenye pazia. Jirani yangu Mwislamu akatoka akawatandikia mikeka yake. Kesho yake kwenye kahawa akaniuliza, kwa upole kabisa: "Kwa hiyo sasa hivi nyinyi mna kiongozi au hamna?" Nikamwambia kahawa imepoa.

Hayo yote ni aibu tu, na aibu inazoeleka. Gharama ilikuwa kwa mwanangu.

Alikuwa na miaka kumi, yuko mwaka wa mwisho wa mafundisho, Komunyo ya kwanza ilikuwa 2024. Januari nikamtoa. Nikamwambia mke wangu mtoto wetu hawezi kufundishwa na watu walioasi. Hakubishana. Alilichukua shati jeupe ambalo fundi alikuwa ameshalimaliza, akalikunja, akaliweka juu ya kabati, akarudi kwenye vyombo vyake. Nilijua nimeshinda! Siku yenyewe ilipofika wale watoto wakapita barabarani kwetu wamevaa nyeupe, mishumaa mkononi, na wangu yuko na mimi kibandani tunapanga ndoana kwa namba. Wala hakulia. Akaniuliza kama ni kweli alifeli mtihani wa katekisimu, maana wenzake shuleni ndivyo walivyoambiana. Miezi yote ile alijua kafeli yeye. Sikuwa nimemweleza, kwa sababu jambo lenyewe nisingeweza kulieleza kwa mtoto wa miaka kumi, na sasa najua nisingeweza kulieleza kwa mtu yeyote, kwani sikuwa nimelisoma.

Akarudi mafundisho na wadogo zake, kawazidi wote urefu, akapokea 2025. Shati la kwanza mikono ilikuwa imeishia karibu na viwiko. Tukanunua jingine.

Na Mwalimu? Video zile alishazifuta. Mara ya mwisho kumwona alikuwa anafundisha ufugaji wa sungura. Nawaonea huruma sungura. Mtu anakuchukulia elfu ishirini, anakutenga na watu watakaokuzika, halafu anabadilisha chaneli. Simtaji, nisije nikamwongezea wafuasi.

Sasa sikia kinachoniuma zaidi. Januari 11, 2024 Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, rais wa SECAM, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika na Madagaska, akatoa barua kwamba maaskofu wa Afrika kwa jumla hawaoni inafaa kuwabariki watu wa jinsia moja huku kwetu. Na humo humo wakasema wako katika umoja na Papa. Alikwenda Roma, akaongea na Papa Fransisko, akakaa na Fernández, barua ikatoka wakiijua. Alipinga kuliko mimi, na akasikilizwa. Mimi niliyepinga kwa simu niliambulia geti lililofungwa, tena nimelifunga mwenyewe.

Ndipo nikaurudia ule mstari wa Wagalatia, safari hii bila wino mwekundu: "nalishindana naye uso kwa uso." Uso kwa uso! Paulo hakurekodi dakika kumi na moja. Basi sheria yangu ndiyo hiyo moja: neno usiloweza kumwambia paroko wako umekaa kwenye kiti mbele yake, usilirushe kwenye grupu. Nilipoenda kwa paroko hatimaye, ile sauti niliyoijaza moto iliisha kwa sentensi mbili, ya tatu sikuwa nayo. Akaniuliza aya ya ngapi.

Na wewe nakuuliza: Mater Populi Fidelis, hiyo hati ya Novemba 4, 2025 iliyokuwasha moto, umeisoma? Inasema jina la "Mkombozi Mwenza" halifai kwa Bikira Maria. Umama wake haujaguswa, na jina lenyewe la hati linamwita Mama wa Watu waaminifu. Tena Ratzinger, aliyekuja kuwa Papa Benedikto XVI, ambaye nyinyi mnamsifu kila siku, aliombwa kauli kuhusu jina hilo hilo mwaka 1996 akajibu hapana. Bado huridhiki? Sawa, kapange foleni ofisini kwa paroko.

Mwenyekiti wako naye amezidisha. Mtaguso wa Vatikano wa 1870, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliweka mipaka: Papa hakosei anapotamka rasmi, kwa Kanisa zima, fundisho la imani au maadili la kushikwa na wote. Si kila anachosema akihojiwa na waandishi kwenye ndege. Kanuni ya 212 ya Sheria za Kanisa inampa mwamini haki ya kuwaambia wachungaji maoni yake, kwa heshima. Mtakatifu Katarina wa Siena alimwandikia Papa Gregori XI barua kali mpaka akarudi Roma 1377 kutoka Avignon walikohamia mapapa. Alimwandikia yeye, sio majirani.

Machi 2025 Papa Fransisko akaanzisha Jimbo la Bagamoyo. Katekista akanipigia simu, mara ya kwanza tangu ile sauti: "Yule mzushi wako katuletea askofu." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwezi uliofuata Papa akafariki.

Kuhusu zaka sina ushauri. Mimi niliisimamisha, na hela ikaenda kwa Mwalimu. Hilo la dhambi muulize padre, ndiyo kazi yake. Jumamosi hii jumuiya inasali kwangu na bado sijanunua mikeka.